Mwalimu Aliyetufasiria Picha ya Muuaji

Nilipokuwa mdogo wa kuchunga mbuzi, kwetu nyuma ya Mazeras, baba alileta mtu wa kutuchimbia kisima. Alifika sisi tumelala, akaingia ardhini, na tulipoamka tukamkuta ni sauti tu. Anaimba kule chini kwa sauti nene kama ya ng'ombe dume. Mama akawa anamteremshia uji kwa kamba, na sisi watoto tunabishana ana urefu gani. Ndugu yangu akasema huyo hawezi kupita mlangoni mwetu ila kwa kuinama. Siku ya tatu maji yakapatikana, wakamvuta, kikatoka kijitu kifupi kilichojaa tope, kichwa chake kinamfika mama kifuani. Ndugu yangu akaangua kilio. Hata leo sijui alilia nini, nadhani alijiona ameibiwa.

Kisima chenyewe kilikauka zamani na sina haja nacho. Ila nikianza kumfikiria Mwalimu ndiko mawazo yangu yanakopitia, kwa sababu naye nilimsikia kabla sijamwona, na naye alikuwa mfupi.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya pili. Nilikuwa nimeshuka Changamwe, kijana mzima mwenye ndevu, kazi yangu kuviringisha mapipa ya mafuta. Jumamosi moja alasiri napita nyuma ya bohari la nazi kavu, nasikia mtu ndani ananguruma: "Sasa huyu mwenye kofia amwambia yule mwanamke, nipe ile barua nami nitakuacha salama." Na watu wengi wanaitikia pamoja, "Usimpe, mama." Nikaingia. Madirisha yamezibwa kwa magunia, giza tupu mchana kweupe, Mhindi mmoja anazungusha mashine ya picha, na ukutani wametundika shuka. Pembeni ya shuka amesimama kijitu chenye masikio makubwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ameshika pembe ya bati mdomoni. Huyo ndiye Mwalimu.

Picha zilisema Kiingereza, nasi Kiingereza tulikijua cha "kuja hapa" na "toka." Mwalimu alikijua. Asubuhi alifundisha watoto kusoma, jioni alifundisha sisi wakubwa darasa la ubatizo, na Jumamosi alitufasiria picha. Mhindi alikuwa na mashine moja, kwa hiyo mkanda ukiisha taa iliwashwa, akawa anafunga mkanda mwingine, na hapo ndipo palipokuwa patamu. Mwalimu alikaa juu ya gunia akaulizwa maswali. Yule aliyeanguka amekufa? Mbona yule hana mke? Alijibu yote kama mtu anayewajua wenyewe. Wako waliokuja kwa ajili ya maswali tu, picha wanasinzia.

Na alikuwa na namna zake. Mzungu akimbusu mwanamke, Mwalimu alisema, "Hapa wanaulizana hali." Tulijua sote kwamba si hali inayoulizwa. Wakibusiana kwa muda mrefu mtu wa nyuma alisema, "Huyu ana jamaa wengi, Mwalimu, anaulizia wote," na bohari lote likacheka, na Mwalimu mwenyewe akatabasamu nyuma ya pembe yake. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni adabu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tena hapo ndipo mtu anaponishangaa nikimsimulia, maana darasani hakuna kitu alichokichukia kama uongo. Ukikamatwa unasema uongo alikusimamisha mbele, ukaushika ulimi wako mwenyewe kwa vidole viwili mpaka somo liishe. Watu wazima, wenye wake na watoto. Mimi niliushika siku niliyosema nimechelewa kwa sababu ya gari la moshi, kumbe nililala. Udenda ulinitiririka mpaka kwenye shati. Nilipouachilia akaniambia, bila hasira, "Sema ulichoona kwa macho yako. Ulichosikia mwachie mwenye mdomo." Alipenda kulisema hilo. Alilisema akifundisha, akinunua samaki, akiamua ugomvi wa wapangaji.

Alikunywa chai kwa kisahani, akisema kikombe ni chombo cha kubebea tu. Tembo la mnazi hakunywa, lakini akipita wanywaji alisimama, akaomba kibuyu, akakinusa kwa muda mrefu macho yamefungwa, akarudisha. Wakamwambia, "Mwalimu, wewe walewa kwa pua." Akasema pua haikubatizwa.

Sasa nisije nikaonekana namchafua tu. Kulikuwa na mama mmoja wa darasa letu aliyehamia Junda kwa binti yake, akavimba mguu. Mwalimu alikwenda kwa miguu kumtazama, mwendo wa kutwa, akamkuta hawezi kusimama. Akambeba mgongoni hadi kwa daktari. Mama yule alikuwa mnene na Mwalimu ndiye huyo niliyewaeleza. Walioona wanasema hukumwona mtu, uliona mama anatembea kwa miguu myembamba ya suruali ya kaki. Alimwokoa. Halafu wiki nzima akawa anatutangazia darasani uzito wa yule mama, mpaka mama akapata habari akaja na fimbo. Ndivyo alivyokuwa. Moyo mzuri, na mdomo hauna mlango.

Mimi niliingia darasa la ubatizo kwa sababu ya Mbeyu. Sitaki kujifanya niliitwa na sauti kutoka juu. Mbeyu alikuwa binti wa mzee wa kanisa, aliuza maandazi langoni mwa kazi yetu, na mara ya kwanza aliponiambia, "Kaka, hilo andazi umelishika, sasa ni lako hata likiwa bovu," nilijua nimekwisha. Baba yake hakuwa na maneno mengi. Aliniambia, "Mwanangu, sina ubaya nawe. Siku ukibatizwa, njoo na wazee wako." Basi nikawa sikosi darasa, nikajifunza yote kwa kichwa, na kwa kweli niseme, katikati ya safari nilianza kuyapenda yale maneno yenyewe. Mwalimu ndiye aliyeniletea. Jina langu likaandikwa miongoni mwa kumi na wawili wa kubatizwa Pasaka.

Ndipo ikaja hiyo picha.

Mhindi alimwambia Mwalimu kuwa picha ijayo ni ya dini, na kasisi wetu Mzungu aliposikia ni ya dini akairuhusu hata Kwaresima. Mwalimu akaitangaza wiki tatu. Mtu huko Ulaya anaua watu, mmoja baada ya mmoja, na kila maiti anakutwa ameoshwa uso, amekunjwa mikono kama anayesali, na mshumaa unawaka kichwani pake. Nani anaua? Wiki tatu Changamwe nzima haikuulizana kingine. Kwenye mapipa tuliulizana. Mbeyu alisema ni mwanamke, mwanaume hawezi kukumbuka kumwosha mtu uso. Walikuja watu kutoka Kisauni na Likoni. Sisi kumi na wawili tulikalishwa mbele kwenye mkeka, kwa heshima.

Nami nasema wazi, picha ile ilikuwa mbovu hata kabla Mwalimu hajaigusa. Mvua mwanzo mpaka mwisho. Watu wanaongea, wanaongea, wanashuka ngazi, wanapanda ngazi. Tulingoja tuone anavyoua, tukaonyeshwa kivuli ukutani, halafu mshumaa, halafu askari anavua kofia. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Mkanda wa pili tu viatu vya muuaji vimeonekana, na viatu vile vile anavyo padri wa kanisa lao, vyenye kifungo cha shaba. Mtu yeyote mwenye macho aliona. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Lo, padri."

Na Mwalimu akasema ndani ya pembe, "Viatu hivi padri amepewa na mpiga kengele."

Tukageuza vichwa. Mpiga kengele? Alikuwepo kweli, mzee mmoja mlevi, ameonekana mara mbili akivuta kamba. Taa ilipowashwa maswali yakawa mengi, na Mwalimu akayajibu yote, jasho linamtoka. Ndiyo, muuaji ni mpiga kengele. Ndiyo, padri anamshuku. Anakwenda kwa wale watu kabla hawajafa ili awaonye.

"Mbona kila anayeonywa anakufa?" akauliza mtu wa Kisauni.

"Hawakusikia," akasema Mwalimu.

Mwisho wenyewe ulikuwa hivi. Padri ameketi peke yake, anaandika barua ndefu. Hakuna kukimbizana, hakuna kupigana. Askari wanaingia. Anawapa barua, ananyoosha mikono, wanamtia kitu, wanatoka naye mvuani, basi, picha imekwisha. Mwalimu akasema padri amewaandikia wafiwa pole na sasa askari wanamsindikiza nyumbani.

"Mwalimu, wamemtia pingu," mtu akasema.

"Zile ni saa."

"Saa mbili?"

"Ulaya kuna watu wana saa mbili."

"Zimeungwa kwa mnyororo, Mwalimu."

"Zisipotee," akasema.

Na watu wakakubali. Hapo ndipo nikiwaeleza vijana wa leo hawanielewi. Tulikuwa na macho. Lakini tulizoea macho yetu yaone picha na Mwalimu atuambie tumeona nini, kama mgonjwa anavyohisi maumivu lakini jina la ugonjwa analijua daktari. Akisema wanaulizana hali, wanaulizana hali. Akisema saa, ni saa.

Walichokataa ni mpiga kengele kuachwa huru. Wiki tatu wamengoja akamatwe. Wakamgeukia Mhindi: kuna mkanda wa mwisho umeuficha, tuonyeshe mpiga kengele ananyongwa. Mhindi akaapa hakuna mkanda mwingine. Wakashika meza ya mashine, wakaanza kuitikisa.

Karibu nami alikuwa Salimu, mpishi wa meli, mtu wa Likoni, wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani. Amekaa na Waingereza baharini miaka mingi. Akanivuta mkono. "Sikiza, ndugu yangu. Huyo padri ndiye muuaji. Mwenyewe yuwasema katika ile barua. Watu humwendea kuungama, akisha kuwaondolea dhambi, awaua papo hapo ili wafe wakiwa safi, wasipate kukosa tena. Haya ya kengele huyu mwalimu wenu ameyatoa wapi?"

Pale pale nikaona viatu, nikaona pingu, kila kitu kikakaa mahali pake. Na Mhindi analia juu ya mashine yake. Nikasimama kwenye mkeka, nikasema kwa sauti, "Mwacheni. Hakuna mkanda mwingine. Muuaji ni padri, tumemwona sote akifungwa."

Nikamtazama Mwalimu. Nilikuwa nafanya alichonifundisha, naapa sikuwa na nia nyingine. Nilidhani atacheka kama anavyocheka kwa mambo ya kubusiana, aseme haya, mmenishika.

Mwalimu akaiweka pembe chini. Akasema bila pembe, na bado sauti ilijaa bohari, "Huyu kijana anamtukana mtumishi wa Mungu. Sijui amefundishwa na nani. Si mimi."

Jumapili baada ya ibada nikaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Baba yake Mbeyu alikuwa kati yao. Kasisi Mzungu hakuiona picha, kwa hiyo akamwuliza Mwalimu. Mwalimu akasema mpiga kengele. Akayasema yote upya, na viatu vya zawadi, na barua ya pole, kwa utaratibu mzuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutia shaka. Kisha wakaniuliza mimi nimejuaje.

"Nimeona pingu," nikasema. "Na Salimu mpishi amenieleza, anajua Kiingereza."

"Salimu gani?" akauliza baba yake Mbeyu.

"Wa Likoni."

"Mwislamu," akasema, si kwa chuki, ila kama mtu anayefunga mlango taratibu. "Mwanangu, umekwenda kutafsiriwa kanisa msikitini?"

Nikasema, "Mwulizeni Mwalimu. Aseme alichoona kwa macho yake."

Mwalimu alikuwa anatazama dirisha. Akasema, "Nimekwisha sema."

Jina langu likafutwa. Waliobatizwa Pasaka ile ni kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nje nawasikia wakiimba. Kazini nikaitwa Mpiga Kengele, nikiviringisha pipa mtu anafanya "ngo, ngo" kwa mdomo. Hilo niliweza kulivumilia. Lakini baba yake Mbeyu aliniambia langoni kwake, "Sikukatalii kwa sababu hujabatizwa, kubatizwa kunangojeka. Nakukatalia kwa sababu umemsingizia mtu mbele za watu. Mwalimu mwenyewe akija akaniambia hukumsingizia, hapo ninalo neno jingine. Nakupa mwaka, mpaka Pasaka nyingine. Kuna karani wa stesheni ameleta wazee wake, nimemwambia angoje."

Mbeyu akaniambia pembeni, "Na mimi niliona pingu. Lakini baba hanisikilizi mimi kwa mambo ya Kizungu."

Sasa Mwalimu hakuwa Changamwe tena. Baada ya miezi miwili aliomba kuhamishwa, akapelekwa ng'ambo ya kusini, shule ya Shika Adabu. Mhindi naye alikwenda na mashine yake, bohari likarudia nazi. Nilimtumia Mwalimu salamu kwa kila aliyevuka. Nilimwandikia, kwa mkono wangu huu wa darasa la tatu, barua mbili. Hakujibu. Nilikwenda mara moja nikaambiwa yuko safarini, na viatu vyake viko mlangoni.

Niwe mkweli, kilichoniuma si wazee wale. Wazee hawakujua. Kilichoniuma ni kwamba yeye alijua, na ndiye aliyenifundisha, na aliponitazama pale kwenye mkeka nilimwona ananijua.

Mwaka ukaisha. Jumamosi ya kuamkia Pasaka nikavuka feri asubuhi, nikashika njia ya Shika Adabu, nikamkuta nyuma ya shule anafua shati. Amekonda, masikio yamezidi kuwa makubwa. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Hasira ilikuwepo, lakini ulimi una mazoea yake.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja leo."

Alinipa kigoda. Akachemsha chai, akanimiminia kwenye kisahani. Nikamwuliza, "Mwalimu, muuaji alikuwa nani?"

Hakuchelewa hata kidogo. "Padri," akasema.

Sikutegemea itakuwa rahisi hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Nilijua tangu mkanda wa pili," akasema. "Mhindi alinipa karatasi yenye habari ya picha, lakini karatasi haikusema mwisho. Nimesimama pale na pembe, nawatazama mmekaa mbele, kumi na wawili. Siku chache mbele mnakuja kuoshwa dhambi kwa mkono wa padri. Nami nitangaze nini? Kwamba huyu akisha kukuosha anakuua? Yule mama wa Junda angekimbia na mguu wake ule ule. Miaka miwili nimewafundisha. Nikaona nitaweka mpiga kengele, nani anamjali mpiga kengele?"

"Na mimi?"

Akakamua shati muda mrefu. "Wewe ulisimama," akasema. "Ungekaa, ingekwisha kama kuulizana hali. Ulisimama, ikawa ni wewe au wale kumi na mmoja. Halafu mbele ya kasisi nikawa nimekwisha kusema. Mtu akisha kusema mbele ya kasisi anarudije?"

"Wewe ulinishikisha ulimi kwa gari la moshi, Mwalimu."

"Nakumbuka."

Nikamweleza habari ya Mbeyu, ya karani, na kwamba kesho ndiyo siku. Nikamwambia sitaki aseme kanisani, sitaki kasisi ajue, aje tu kwa mzee mmoja nyumbani kwake, aseme maneno mawili, kijana hakunisingizia, kisha nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni. Akasikiliza yote. Mwishowe akasema, "Haya. Twende." Akavaa shati lile lile bichi.

Tukatembea pamoja mpaka kivukoni. Njiani alikuwa mchangamfu, wallahi, kama zamani. Alinieleza habari ya watoto wake wa shule, akanicheka ndevu. Mimi nilikuwa nimekwisha msamehe. Nawaambia ukweli, kabla hata feri haijatia nanga upande ule tulipokuwa tukiingojea nilikuwa nimekwisha msamehe, nafikiria tu uso wa baba yake Mbeyu.

Watu wakaanza kushuka. Mwalimu akajipapasa mifukoni. Akasema, "Nimesahau miwani yangu ya kusomea. Siwezi kwenda kwa mzee wa kanisa bila miwani. Wewe shika nafasi, mimi narudi sasa hivi."

Sikuwahi kumwona na miwani. Nilimwambia, "Mwalimu, hakuna cha kusoma kule. Ni kusema tu."

"Narudi sasa hivi, mwanangu," akasema, akanigusa bega.

Akapanda mteremko katikati ya wanaoshuka na vikapu, shati limemganda mgongoni. Hakukimbia. Pale juu alisimama akaamkiana na mtu, nikamwona anacheka, kisha akageuka kushoto, na njia ya shule ni kulia. Feri ikajaa, ikaenda, ikarudi, ikaenda. Nilishika nafasi yake mpaka jua likawa nyuma yangu, nikimwambia kila aliyetaka kusimama pale kwamba ana mwenyewe, anakuja.

Hakuja. Wala huko Shika Adabu hakuonekana tena.